Bahasha, santuri na jina la mpiga solo: kisa cha mwandishi wa muziki wa Kisumu

Kwa nini nakiandika

Mwandishi wa muziki ninayemsimulia hapa alinipa ruhusa ya kueleza kisa chake kwa sharti moja, kwamba asitambulike. Kwa hiyo nimeondoa majina ya watu, bendi, kumbi na vijiji, na kiasi cha pesa nimekikadiria pale ambapo tarakimu kamili ingemfichua mtu. Mpangilio wa mambo na sababu za kila uamuzi nimeviacha kama alivyonisimulia, na sehemu kubwa nilikuwapo.

Nawalenga vijana wanaoniuliza kama mtu anaweza kuishi kwa kuandika habari za muziki mtandaoni, bila mwajiri, akiwa Kisumu, Kakamega au Nakuru. Huwa nawaambia wanipe saa nzima, maana jibu halitoshi kwenye ujumbe wa simu.

Alikotoka

Mzazi wake aliuza kaseti kwenye kibanda karibu na stendi ya matatu. Mtoto alijifunza kusoma kwa majalada ya kaseti zile, na mapema sana akagundua jambo lililomsumbua. Kila jalada lilikuwa na picha ya kiongozi wa bendi na jina lake kwa herufi kubwa. Wengine waliitwa "na kikundi chake", basi.

Anayeijua benga, muziki wa magitaa wa Waluo, atalielewa sumbuko hilo. Wimbo huanza kwa sauti za waimbaji, gitaa la solo likiwajibu mstari kwa mstari, kisha inafika mahali sauti zinanyamaza na magitaa yanaachiwa uwanja. Hapo ndipo ukumbi huinuka. Enzi za santuri ndogo za vinili, zile za mizunguko 45 kwa dakika, wimbo uligawanywa pande mbili, na mara nyingi ulilazimika kugeuza santuri ili ulipate pambano lile la magitaa. Sasa yule anayesubiriwa na watu wote, hadi wanainuka kugeuza santuri kwa ajili yake, ndiye ambaye jina lake halikuandikwa.

Tena hapa hatuzungumzii muziki wa pembeni. Phares Oluoch Kanindo alifanya biashara ya santuri za benga, na rekodi zake zilifika hadi Zimbabwe, ambako lebo yake ya Sungura iliuachia mtindo mzima wa muziki jina lake. D.O. Misiani, aliyezaliwa Shirati upande wa Tanzania na kuiongoza Shirati Jazz, alifariki katika ajali ya barabarani hapa Kisumu mwaka 2006. Upande wa Waluhya kuna gitaa la omutibo na ngoma ya isukuti, ambayo UNESCO iliiweka mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura. Habari zilikuwapo tele. Aliyekosekana ni wa kuziandika kila wiki.

Baada ya stashahada, mwandishi alifanya mafunzo ya kazi katika kituo kimoja cha redio, miezi mingi bila malipo, akisoma matangazo ya vifo. Mwaka 2017 alifungua tovuti yake. Aliandika Kiswahili kwa makusudi. Makala ya ohangla, muziki wa ngoma wa Waluo, kwa Kiluo ingewaacha nje majirani zake wa Vihiga, na ya isukuti kwa Kiluhya ingewaacha nje wa Siaya. Kwa Kiswahili alisomwa na wote, pamoja na watoto wa Magharibi mwa Kenya walioko Mombasa na Nairobi ambao lugha ya nyumbani wanaisikia lakini kuisoma ni shida.

Miaka ya bahasha

Kwa mwaka mmoja na nusu alisomwa sana na hakulipwa na yeyote. Kisha mapromota wakaanza kumtumia "nauli".

Kabla ya kumhukumu, ni lazima nieleze pakruok. Katika usiku wa ohangla au benga, mtu huinuka, huenda hadi kwa mwimbaji na noti mkononi, muziki ukapunguzwa, naye akajisifu au akamsifu rafiki, shemeji, kijiji chake, kwa mafumbo na majigambo. Akimaliza, mwingine huja kumzidi. Bendi nyingi huishi kwa pesa hizo kuliko kwa kiingilio. Ni sanaa kamili, yenye mabingwa wake, na mimi naipenda kwa moyo wote. Inawezekana kuipenda kwa sababu moja kubwa: kila mtu ukumbini ameiona noti. Sifa inanunuliwa mbele ya macho yetu, na hakuna anayedanganywa.

Promota aliyekulia katika utamaduni huo anapomtumia mwandishi shilingi 6,000 kwa M-Pesa, hadhani anatoa rushwa. Anaona anafanya alichofanya jukwaani wiki iliyopita. Mwandishi naye alijiambia hivyo hivyo. Tofauti ni kwamba msomaji hakuiona noti.

Jumamosi ya viti vitupu

Mapema mwaka 2019 mwimbaji chipukizi wa ohangla alizindua albamu katika ukumbi mmoja maeneo ya Kondele, hapa Kisumu. Mwandishi alifika, akakaa saa moja, mvua ikaanza, akapanda boda akarudi nyumbani. Asubuhi aliandika kwamba ukumbi "ulifurika hadi mlangoni". Alikuwa ameambiwa hivyo na promota kwa simu, saa chache baada ya "nauli" kuingia.

Jumapili mchana msomaji mmoja aliweka picha chini ya makala. Nimeiona. Viti vyeupe vya plastiki, safu baada ya safu, vimekaliwa na watu wasiozidi thelathini, na nyuma kabisa vingine bado vimepangwa kimoja juu ya kingine, havijashushwa. Hakuandika neno lolote. Jumatatu promota mpinzani akasambaza picha ya ujumbe wa M-Pesa wenye jina la mwandishi. Sijui aliupataje.

Marafiki walimshauri afute makala, anyamaze, watu watasahau. Mimi nilikuwa mmoja wa waliosema hivyo, na nilikosea.

Hakuifuta. Aliweka maelezo juu ya kichwa cha habari, mistari minne: kwamba alipokea shilingi 6,000 kutoka kwa mwandaaji, kwamba aliondoka baada ya saa moja, kwamba habari ya ukumbi kufurika aliambiwa na hakuiona mwenyewe, na kwamba pesa amezirudisha. Alizirudisha kweli, kwa M-Pesa. Promota akampigia kwa hasira: "Umenitusi. Mimi nilikuona wewe ni mtu wetu." Mwandishi alijibu kwamba bado ni mtu wao, ila akiandika lazima awe mtu wa msomaji. Hawakuongea kwa miaka miwili.

Nilimuuliza kwa nini hakufuta. Alisema watu elfu kadhaa walishaisoma ile makala, na kuifuta kungewaacha na uongo bila masahihisho. Tena akawaza kibanda cha mzazi wake. Mteja akirudisha kaseti yenye kasoro, unaipokea mbele ya wateja wengine, ukimpeleka nyuma ya kibanda wote watajua unaficha kitu.

Kuanzia siku hiyo alijiwekea utaratibu: kiingilio analipa mwenyewe, na mwisho wa kila makala anataja aliyegharamia safari, hata kama ni binamu aliyempa lifti. Kanuni za maadili za wanahabari nchini, chini ya Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya mwaka 2013, zinakataza zawadi za namna hiyo. Kanuni hizo alizisoma chuoni. Kuzisoma na kuzitii ukiwa na kodi ya nyumba mlangoni ni mambo mawili.

Wasifu wa marehemu

Mapato yakakauka. Akaanza kufanya kazi ambayo mtu wa Magharibi hawezi kuikosa: kuandika na kupanga vijitabu vya mazishi katika saiba ya rafiki. Familia inaleta picha, orodha ya watoto na wajukuu, ratiba ya ibada, na wasifu wa marehemu ulioandikwa kwa kalamu kwenye karatasi ya daftari. Alilipwa shilingi 2,500 kwa kijitabu.

Siku moja familia kutoka upande wa Siaya ilileta wasifu wa mzee. Shule aliyosoma, ndoa, kanisa, na katikati sentensi moja: "Pia aliwahi kuwa mwanamuziki." Mwandishi alisoma jina mara mbili. Lilikuwa miongoni mwa majina machache ambayo mzazi wake aliwahi kumtajia pale kibandani. Mzee yule alikuwa amepiga solo katika bendi tatu.

Aliiomba familia siku moja ya nyongeza, akaandika kurasa mbili badala ya sentensi moja. Mazishini kijitabu kikasomwa kwa sauti. Wajukuu walikuwa wanasikia kwa mara ya kwanza kwamba gitaa wanalolisikia kwenye matatu ni la babu yao. Baada ya maziko mjane alimwita ndani na kumwonyesha katoni ya sabuni iliyojaa santuri. Nyingine mbili zilikuwa jikoni, zimefunika mitungi ya maji. "Mwanangu," alisema, "hizi nilikuwa nangoja mtu wa kuniambia kama ni mali au ni takataka."

Kazi yake ya kweli naihesabu tangu siku hiyo. Aliacha kuandika kwamba wimbo fulani ni mtamu, jambo ambalo kila mtu anaweza kulisema na promota anaweza kulinunua. Akaanza kutafuta nani alipiga nini, lini, na nani alikuwa chumbani.

Korona ilipoingia Machi 2020 na kafyu ikatangazwa, kumbi zilifungwa na matanga yakapunguzwa watu, na matanga ndiyo yaliyokuwa yakilisha bendi nyingi ndogo. Mwandishi alinunua bando na kuwapigia wazee simu jioni baada ya jioni. Wazee wasio na kazi, mtu anayeuliza jina la mpiga besi wa miaka 40 iliyopita: walizungumza hadi betri zikaisha. Safu hiyo ilisomwa kuliko chochote alichowahi kuandika.

Barua ya wakili

Mwaka 2021 mzee mmoja, mpiga solo, alimwambia kwamba wimbo fulani maarufu aliutunga yeye, si kiongozi wa bendi aliyekwisha kufariki. Mwandishi alichapisha: "ndiye aliyeutunga". Siku kumi baadaye ikaja barua ya wakili wa warithi wa kiongozi ikidai makala iondolewe ndani ya siku saba.

Warithi walikuwa na haki ya kushtuka. Kwa sheria ya hakimiliki ya Kenya, ya mwaka 2001, haki katika utunzi wa muziki hudumu miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi. Kwa hiyo neno "alitunga" linagusa mfuko wa familia, mbali na heshima.

Wapo waliomwambia asimame imara, aitetee habari yake. Yeye aliichukua barua ile kama swali: ana ushahidi gani? Alikuwa na sauti ya mtu mmoja, tena mwenye faida katika jibu. Aliomba wiki tatu, akapewa. Akaitafuta santuri na kuipiga picha: kwenye lebo, chini ya jina la wimbo, mtunzi ametajwa kuwa kiongozi. Hilo halikumaliza ubishi, maana viongozi wengi wa bendi waliandikwa watunzi wa kila kitu. Akamfuata mpiga besi aliyestaafu karibu na Ugunja. Mpiga besi alisema maneno na sauti ya kuimba ni vya kiongozi, lakini mapigo ya solo, hasa yale ya upande wa pili wa santuri, yalizaliwa kwenye vidole vya mzee mazoezini, na hakuna aliyemwelekeza.

Makala ilirekebishwa. "Ndiye aliyeutunga" ikawa "anasema yeye ndiye aliyebuni mapigo ya gitaa", ushuhuda wa mpiga besi ukaingia, picha ya lebo ikaingia, na jibu la warithi likachapishwa lote bila kukatwa. Wakili hakuandika tena. Mzee hakufurahi. Alisema amepunguzwa. Mwandishi alikwenda kwake, akakaa naye mchana kutwa, mzee akapiga mapigo yale kwa gitaa lisilo na umeme, kidole gumba na cha shahada tu, na mwandishi akarekodi. Video hiyo ilieleza madai ya mzee kuliko neno lolote.

Kilichopotea

Mahojiano yote ya simu ya miaka ile miwili yalikuwa kwenye memori kadi moja ndani ya simu moja. Mwisho wa 2021 simu ilinyakuliwa usiku akiwa kwenye boda. Sauti 14 zilikwenda nayo. Wakati huo wawili kati ya waliohojiwa walikuwa wamefariki. Yaliyobaki ni yale aliyokuwa ameshayaandika katika makala, labda sehemu ya kumi ya yaliyosemwa.

Siwezi kulipamba hili. Diski ya nje ya bei ndogo, au hata kutuma kila rekodi kwenye barua pepe yake mwenyewe usiku uleule, kungeziokoa.

Ilipofikia

Leo anaishi kwa kazi hii, kwa shida kiasi, lakini anaishi. YouTube ilimpa kidogo. Masharti ya kuanza kugawiwa pesa za matangazo, wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa, aliyafikia, lakini kila alipoweka kipande cha wimbo wa zamani, mfumo ulitambua rekodi na mapato yakaenda kwa aliyesajili haki. Ilimchukua miezi 11 kufikisha dola 100, kiwango cha chini cha kutoa malipo. Vijitabu vya mazishi bado anaviandika, na kwa familia za wanamuziki hatozi.

Pesa nzuri zilitoka nisikotarajia. Lebo za Ulaya zinazotoa upya santuri za zamani zilianza kumwomba maelezo ya kuambatanisha, kwa sababu ndiye aliyekuwa na majina. Na hapo ukazuka mtihani mwingine. Lebo moja ilimtaka awapelekee warithi mkataba na kurudi nao umetiwa saini, kwa malipo ya ziada. Alikwenda kuwatembelea, mkataba akauacha nyumbani. Binti wa marehemu alimuuliza moja kwa moja: "Wewe umekuja upande wa nani?" Alirudi akaiambia lebo kwamba ataandika historia, lakini mkataba waupeleke wenyewe, na familia aliielekeza kwa wakili na kwa Bodi ya Hakimiliki. Alipoteza malipo ya miezi mitatu hivi.

Uchambuzi

Nikiulizwa kilichomwokoa, nitasema ni ile mistari minne juu ya makala ya uongo. Si kwa sababu wasomaji wetu wana huruma. Walimtukana vya kutosha. Lakini wazee waliokubali kupokea simu mwaka 2020, watatu niliozungumza nao walikuwa wanaijua habari ya 6,000. Mmoja aliniambia alimwamini kwa sababu "amewahi kukosea hadharani". Makala ingefutwa, wangebaki na uvumi tu.

La pili ni kuhama kutoka sifa kwenda kumbukumbu. Huku kwetu sifa ina soko lake, lina mabingwa, na mwandishi hawezi kushindana na pakruok wala hapaswi. Jina la mpiga besi halikuwa na soko hadi alipolitafuta, na lilipopatikana lilihitajika na mjane, na wakili, na lebo ya nje, kila mmoja kwa sababu yake. Nadhani kijana wa Nakuru au Kakamega anaweza kufanya vivyo hivyo na muziki wa kwao, mradi aanze na watu wenye umri mkubwa zaidi.

Makosa yake nayaona matatu, na hayana uzito sawa. Kutegemea chanzo kimoja katika suala la utunzi lilikuwa kosa la haraka, na alilirekebisha vizuri. Kutokuwa na mhariri ni kosa analoliendeleza hadi leo. Ningependa kila makala inayotaja umiliki isomwe kwanza na mtu wa pili, hata kama ni mwalimu jirani. Kosa la memori kadi ndilo zito, kwa sababu halina marekebisho kwa wale wawili waliofariki.

Jambo moja bado tunabishana. Mimi naona alipaswa kuwaomba wazee ridhaa iliyorekodiwa kabla ya kila mahojiano, ikisema sauti itatumikaje na nani atalipwa ikiuzwa. Yeye anasema mzee ukimsomea masharti kabla ya salamu, hadithi inafungwa. Sasa anaomba ridhaa mwishoni, chai ikishanyweka, na kuirekodi. Mtu anayejua alichokwisha kusema anaridhia kwa kujua zaidi. Hoja yake ina nguvu, ingawa sijashawishika kabisa.

Kati ya wale 12 waliobaki hai, ambao sauti zao zilipotea na simu, amesharudi kwa tisa, safari hii na vinasa sauti viwili na nakala nyumbani kwangu. Mmoja wao alikataa kurudia alichosema mwanzo. Alisema hadithi ile aliitoa siku ile, leo anayo nyingine, ya kijana aliyepiga gitaa la pili na ambaye hakuna aliyewahi kumuulizia.